Kiti cha Kushoto cha Karina

Kashindi aliponiomba nihamishe volani, yaani usukani, ya gari lake la Karina kutoka kuume kwenda kushoto, nilipaswa kumwambia hapana. Nilijua kazi yenyewe ilivyo ngumu, nilijua kuna piesi moja ya gari ambayo ilikuwa haijapatikana, na mtu aliyenifundisha ufundi alikuwa amenikataza waziwazi. Lakini garaji nzima ilikuwa imenyamaza ikisikiliza, na mimi nilipenda sana kusikilizwa. Nikafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama daktari, nikasema, "Leta motokari kesho."

Ninaandika haya kwa ajili ya ninyi vijana mnaobaki garajini Kimanga. Mliniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla ya simu kuwa mwalimu wa kila mtu. Kuhusu kustaafu kwangu hakuna mengi ya kusema. Fundi hapewi karamu ya kuagwa. Siku moja unaingia chini ya gari, halafu wanakuja watu wawili kukuvuta miguu utoke. Ikitokea mara ya pili, unaelewa.

Nilianza bila kukusudia. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sehemu ya ualimu, nikawa ninangoja shule fulani inipe darasa. Ili nisikae nyumbani nikimaliza ugali wa mama, nilikwenda kwa Papa Lwaboshi, ambaye uwanja wake wa kutengeneza magari ulikuwa na kuta mbili, turubai moja na shimo la kuingilia chini ya gari. Wakati wa mvua shimo lilijaa maji na vyura, na tulifanya kazi tukiwa tumelala juu ya mbao. Papa Lwaboshi alikuwa mtu mfupi, mweusi wa grisi hadi masikioni, na Jumapili alipokwenda kanisani akiwa safi watu walimpita bila kumsalimu kwa sababu hawakumtambua.

Siku ya kwanza aliniangalia viatu, kisha akaniuliza, "Weye uko na diplome?"

"Ndiyo, Papa."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kufundisha."

Akaniwekea mbele karai la petroli lililojaa buloni, yaani bolti, za injini. "Basi fundisha hizi. Kila moja ijue fasi yake."

Nilizisugua hadi zikawaka, nikazipanga kwa ukubwa, nikajiona msomi. Jioni, injini ikiwa imefungwa, ilibaki buloni moja mkononi mwangu. Papa Lwaboshi akaigeuza kwenye mwanga. "Motokari haizai buloni," akasema. "Hii iko ya nani?" Tukafungua injini yote upya. Tangu siku hiyo nimepanga buloni kwa mpangilio zilivyotoka, juu ya karatasi ya boksi iliyotobolewa matundu, na ninawaomba na ninyi mfanye hivyo, hata kama video inaonyesha mtu akizitupa zote katika sahani moja. Yule wa kwenye video ana injini nyingine nyuma ya pazia.

Kashindi alikuja mvua zile zile. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Mulongwe, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Yeye alisikia ugonjwa wa gari, mimi niliuona. Aliweka ncha ya turnavisi, bisibisi yetu, juu ya injini na mpini sikioni, akafumba macho, akasema ni pistoni ya tatu. Mimi nilitazama rangi ya moshi, nikasema ni ya pili. Tulibishana hivyo miaka yote, na mara nyingi ilikuwa ni ile ambayo hakuna kati yetu aliyeitaja.

Papa Lwaboshi hakuwa mtu wa sheria nyingi. Kele namba treize, ile spana ya kumi na tatu, isitoke uwanjani, kwa sababu haijawahi kurudi. Tangi likivuja petroli, lipake sabuni ya kufulia, itashika mpaka mteja afike nyumbani, lakini mwambie mteja kwamba ni sabuni. Sheria yake kubwa aliitoa akiwa ameshika kifaa cha kuchomelea:

"Bomba ya moshi, choma. Mulango, choma. Kiti, choma. Lakini kitu ya kugeuza motokari na kitu ya kusimamisha motokari, hapana. Ile hatuchomake. Unatafuta ingine, hata kama mwenye motokari analia."

Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wote. Siwezi kusema sikusikia.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na zilizokuwa ngumu zaidi ndizo zilizotuchekesha baadaye. Kulikuwa na lori la mpunga kutoka Lubarika lililochemka kila lilipofika mjini. Tulibadilisha pampu ya maji, tukabadilisha mpira, tukamlaumu dereva. Papa Lwaboshi akaja na mswaki wake wa meno, akachokoa uso wa radiateri, na pumba za mpunga zikaanza kumwagika kama mtu anapepeta. Kulikuwa na pikapu ya Mama Riziki, mchuuzi wa ndagala, ambayo chumvi na maji ya samaki vilikuwa vimekula sakafu yake hadi abiria wa mbele aliona barabara ikipita kati ya miguu. Tulipomwambia, alisema, "Minye nilifikiri iko ventilasyo."

Lakini ile ya Bijombo nitaisema yote. Gari la misheni moja lilikufa kule juu milimani, na mtu akateremka kuuliza dawa. Alivyolieleza, Kashindi na mimi tulisema kwa sauti moja: giabox. "Iteremsheni." Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Wanaume wa kule wakaifungua, wakaifunga kwenye miti miwili, wakaibeba mabegani kama jeneza hadi chini. Walipofika hawakuweza kunyoosha shingo. Tukaifungua. Ilikuwa nzima, meno yake yote yanang'aa. Wale wanaume walipoulizwa vizuri, kumbe kilichokuwa kimevunjika ni pini ndogo ya pedali ya klachi, na pedali ilikuwa imebaki kule mlimani ndani ya gari.

Papa Lwaboshi aliwapa wale wanaume chai na mikate. Kisha akatuletea ile miti miwili. "Hawa batu walibeba chuma bure," akasema. "Sasa mutabeba na nyinyi."

Tulipanda Bijombo na giabox begani na pini mfukoni. Njiani Kashindi aliimba, akalaani, akaimba tena. Kwenye mwinuko mmoja alikaa chini akasema, "Nikifa hapa, andika kwa kaburi: aliuawa na pini." Nadhani urafiki wetu ulianza pale, ninyi mnaotaka kujua mambo haya. Kabla ya hapo tulikuwa watu wawili wanaogombania kele treize.

Karina ilikuja baadaye, wakati ambapo tulikuwa mafundi kamili na Papa Lwaboshi alishinda amekaa mlangoni juu ya kiti cha gari kilichong'olewa. Kashindi aliipata ikiwa mzoga: bila milango ya nyuma, bila injini, kuku wakitaga ndani yake. Tuliijenga taratibu, baada ya kazi za wateja. Injini ilitoka gari lililopinduka, milango ikatoka nyingine ya rangi tofauti, taa zikaja kwa mashua kutoka ng'ambo ya ziwa zikiwa zimefungwa ndani ya khanga. Siku ilipowaka mara ya kwanza Kashindi alizima, akawasha, akazima, akawasha, mpaka mke wake akatoka nje kuuliza kama ni gari au redio.

Ninyi mna kundi lenu la simu la wapenzi wa magari, mnatumiana picha za rimu. Sisi tulikuwa na Jumapili. Baada ya ibada, wenye magari walikutana kando ya mto kuosha. Matairi yalipakwa mafuta hadi yakang'aa kuliko viatu vya shemasi. Watu walifungua kapo, yaani boneti, na kusimama kimya mbele ya injini kama wanaombea mgonjwa. Kisha ubishi ulianza: nani ana piesi ya kweli, nani ana ya okazyo, iliyokwisha kutumika, iliyopakwa rangi.

Karina ya Kashindi ilikuwa na aibu moja. Volani yake ilikuwa kuume, kama magari mengi yanayotufikia kupitia nchi za mashariki. Sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva wa gari kama hilo anakaa karibu na majani, na akitaka kupita lori haoni kinachokuja mbele mpaka gari zima limekwisha kutoka. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Kwa Karina, aliyekaa kushoto nilikuwa mimi.

Tulikwenda hivyo miaka mingi, kuelekea bondeni na kurudi, kufuata piesi, misiba na arusi. Yeye alishika volani, mimi nilishika barabara. Lori likiwa mbele, nilichungulia. Nikisema "Bado," nilipiga dashibodi mara moja kwa kiganja. Nikisema "Pita," nilipiga mara mbili, naye alikanyaga mafuta bila kuinua hata shingo. Alikuwa haoni kitu, vijana wangu. Alikuwa anaona mgongo wa lori na anasikia mkono wangu. Mbele yangu rangi ya dashibodi ilifutika kwa kupigwa. Akaniita Jicho, na mji mzima ukanifuata. Wako watu Kimanga waliohudhuria arusi yangu wasiojua jina langu la ubatizo.

Wenye volani ya kushoto walimtania sana pale mtoni. "Kashindi hawezi pita hata mbuzi kama Jicho hajamupa ruhusa!" Au, "Leo bibi ya Kashindi amebaki, kiti iko ya Jicho." Yeye alicheka na kuwarushia maji. Lakini utani wa kila Jumapili unachimba. Halafu ukaja tena ule uvumi unaokuja kila baada ya muda, kwamba volani za kuume zitakatazwa. Na mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia, wakati ambapo Karina zote za mji hupita kwa msururu, taa zimewaka mchana, honi hadi Kavimvira. Ndipo akaja kuniomba mbele ya watu.

"Weye tu ndiye unaweza," alisema.

Nani anakataa maneno hayo? Mimi nilipaswa.

Papa Lwaboshi aliinua fimbo yake kutoka kitini. "Jicho, piesi zote ziko?"

"Karibu zote, Papa."

"Karibu haisimamishake motokari. Acha, ungoje."

Kuhamisha volani si kuhamisha volani peke yake. Inahama dashibodi, zinahama pedali, zinahama nyaya za waipa. Kisha iko pampu ya freni, ambayo katika Karina ile ilikaa upande wa kuume. Ili mguu wa dereva aliyehamia kushoto uifikie, unahitaji fito ya chuma ya kuvuka gari kwa ndani, nzima, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Niliagiza iliyong'olewa katika gari lingine kule Bujumbura. Haikuja kwa wakati. Msururu ulikuwa kesho yake. Nikachukua vipande viwili vya chuma kizuri, nikavichomelea kimoja, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi. Usingejua pameunganishwa wapi. Nilimwambia Kashindi, "Nimekufungia ya kuazima. Ile ya kweli ikifika nabadilisha." Sikumwambia kwamba imechomwa.

Msururu ulipendeza. Kashindi alikaa kushoto, kiwiko nje ya dirisha, uso kama wa gavana. Mimi nilikaa kuume, nikaona majani, mbuzi na migongo ya watu. Mara moja, kwa mazoea, nilipiga dashibodi mara mbili, na Kashindi akacheka mpaka akayumbisha gari. "Pumzika, Jicho! Sasa niko naona minye mwenyewe!" Tulicheka wote wawili. Ile dashibodi ya zamani, yenye alama ya mkono wangu, nilikuwa nimeitupa nyuma ya ukuta.

Baada ya hapo hakuwa na haja ya kuja kunichukua kila safari. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Alikwenda peke yake, basi.

Fito ya kweli ilifika kwa lori la saruji wakati kazi zimejaa. Kuifunga kulitaka kushusha dashibodi yote tena. Yangu ilikuwa inashika vizuri, nami nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sheria ya Papa Lwaboshi ilikuwa ya watu wasiojua kuchomelea. Nikaiweka juu ya etajeri, ile rafu ya ukutani, nyuma ya makopo ya mafuta.

Kashindi alipita jioni moja kuazima kele. "Jicho, ile piesi yangu ilifika?"

"Bado," nikasema.

Akapita tena siku nyingine, anakwenda Bukavu, injini inanguruma nje. "Ile piesi?"

"Bado."

Akapunga mkono, akaenda.

Alikuwa anarudi, peke yake, anateremka mlima wa Ngomo. Wanaoijua Ngomo hawahitaji maelezo: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa. Alikanyaga freni na pedali ikaanguka sakafuni bila uzito wowote, kama kukanyaga unga. Alishusha gia, akavuta freni ya mkono, kisha akalielekeza gari ukutani, akalikwangua hapo hadi likasimama. Ni fundi yule. Mwingine angeingia bondeni. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, na hakuna mwingine aliyeumia.

Karina ilirudi ikiburutwa. Watu walisema freni zilipata moto, mteremko ule unajulikana. Papa Lwaboshi alisimama kwa fimbo yake, akainama ndani ya gari kwa muda mrefu, akatoka na nusu ya fito mkononi. Penye kuvunjika palikuwa na rangi mbili, ya chuma na ya kuchomelea. Akangoja watu waondoke.

"Hii iko mukono yako."

"Ndiyo, Papa."

Akaelekeza fimbo kwenye etajeri, nyuma ya makopo. Kumbe alikuwa ameiona siku zote, akidhani nangoja nafasi. "Na ile?"

Nikafuta mikono kwa kitambaa.

"Utaenda kumwambia weye mwenyewe," alisema. "Leo. Kabla asikie kwa muntu mwengine." Alikaa tena juu ya kile kiti chake, akanigeuzia mgongo, jambo gumu kulifanya ukiwa umekaa.

Kashindi alikuwa kitandani hospitalini, mguu ndani ya plasta umening'inizwa. Aliponiona akapaza sauti, wagonjwa wote wakageuka: "Jicho! Ngomo banakusalimia! Waliniuliza, mbona leo umekuja bila muntu wa kukuambia bado?"

Nikamwambia. Fito niliichomelea. Alinitazama, akajaribu kutabasamu.

"Haina shida, ndugu yangu. Piesi haikuwa imefika. Ulifanya nini, uizae?"

Ningeweza kunyamaza pale. Alikuwa amenipa mlango, na ulikuwa wazi. Nikasema, "Ilikuwa imefika. Iko juu ya etajeri."

"Tangu lini?"

"Ulipokuja kuazima kele, ilikuwa pale."

Alitazama dari. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akimenya chungwa, na ninakumbuka harufu yake. Kisha Kashindi akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Minye nilikuuliza. Ukaniambia bado."

"Ndiyo."

"Miaka yote ile, ukisema bado, nabaki nyuma ya lori. Ukisema pita, napita. Sikuangaliaka hata siku moja." Akafunga macho. "Aksanti kwa kufika, fundi."

Fundi. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Karina aliiuza vipande vipande, hakutaka nimtengenezee. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo. Ana duka la piesi Mulongwe, na vijana, mnaponunua kwake mnajua kwamba hatawauzia fito wala rotule ya volani iliyochomwa, hata mkilia. Anaigonga kwanza kwa sarafu, anasikiliza. Sikio lake bado ni zima.

Mimi kazi haikunikimbia. Wateja waliendelea kuja, tena waliongezeka, kwa maana Kashindi hakumwambia mtu yeyote, wala Papa Lwaboshi hakusema, naye amekwisha kulala kaburini na siri hiyo. Ziwa lilipopanda likaingia mitaani, nilikausha magari ya nusu ya mji kwa pepeo na jua. Nimefundisha wengi wenu. Nilihamisha volani nyingine nyingi pia, kila mara nikingoja piesi ya mwisho ifike, wateja wakinitukana kwa uzembe. Mtukanwe na ninyi mkitaka kuniiga.

Mwaka jana tulikutana kwenye msiba wa mtu tunayemjua wote. Kurudi kulikuwa na gari moja tu, volani kuume, na nafasi zilizobaki zilikuwa mbele kushoto na moja nyuma kati ya wengine. Nilimfungulia Kashindi mlango wa mbele ili anyooshe mguu. Akanishukuru kwa heshima, akamwambia dereva, "Niko natembea kidogo, daktari alisema." Akaenda kwa fimbo yake, pembeni ya barabara, mvua ikianza. Mimi nikakaa kiti cha kushoto. Lori lilipotokea mbele, dereva akaniuliza, "Papa, napita?" Nikamwambia aulize wa nyuma.

Kwa hiyo mkiniuliza kazi hii imenipa nini, nitawajibu kwa urefu, siku yoyote, mkinipa kiti. Mkiniuliza "Leta motokari kesho" iliniondolea nini, jibu ni fupi. Iliniondolea Kashindi. Yuko hai, anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, ananisalimu kila asubuhi kwa jina langu la ubatizo.